Dada ana sonona, vipimo vya tezi viko safi, dokta kamwandikia homoni ya tezi. Hii imekaaje?

#1 Shati la Bluu
Wakuu habari za jioni.

Dada yangu mkubwa ana sonona, mwaka wa pili huu. Siongelei mawazo ya kodi na ada ambayo sote tunayo. Huyu ni mtu aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, saa kumi na mbili yuko kituoni hapa Kimara na ndoo yake, saa tatu kamaliza. Siku hizi unamkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, ndala moja kavaa, nyingine iko sakafuni mbele yake. Unarudi kazini jioni, ile ndala iko palepale.

Kameza amitriptilini miezi mitano, haikushika. Akabadilishiwa fluoksetini, huu mwezi wa nne, kafaidi usingizi tu. Wiki iliyopita tukaonana na dokta mwingine wa magonjwa ya akili, mama mmoja mtaratibu, kasoma faili lote mpaka mimi nikaanza kusinzia. Akaagiza kipimo cha tezi ya shingo. Majibu yakarudi TSH (homoni inayoiamuru tezi, hupanda tezi ikilegea) 2.1, akasema safi kabisa. Halafu kwa kalamu ileile akaandika homoni ya tezi: liothaironini, maikrogramu 25 kila asubuhi, juu ya fluoksetini.

Nikamuuliza, dokta si umesema tezi ni nzima? Akajibu ni nzima, hii ni ya kuisukuma ile dawa nyingine. Foleni nje ilikuwa ndefu, nikaona aibu kung'ang'ania.

Kasheshe ikaja kwenye kuitafuta. Nimezunguka maduka manne Kariakoo, hakuna. La tano kijana kanipa levothairoksini, anasema "ileile hiyo kaka, ya tezi". Nimelipa. Pakiti iko mezani, hajaanza kumeza.

Nisaidieni. Mtu mwenye tezi nzima anapewaje dawa ya tezi? Na hii niliyouziwa ni ileile kweli, au nimepigwa?

#2 Abunuwasi wa Buza
Nimevuta kiti. Ila kwa kuanzia naona hii ni chai. Ugonjwa uko kichwani, dawa ya shingoni?

#3 Muuza Vidonge
Abunuwasi, shingo na kichwa ni majirani, mmoja akipika mwingine anasikia harufu.

Mleta mada, kijana wa duka la tano hajakosea sana. Levothairoksini ndiyo T4, liothaironini ndiyo T3. Mwili wenyewe unachukua T4 na kuigeuza T3. Ukimpa T4, T3 ataipata.

#4 Sista Wodi
Muuza Vidonge, kwa heshima zote, kijana amekosea sana.

T4 ina chembe nne za iodini, T3 ina tatu, majina yametokana na hapo. T4 ni kama unga, T3 ni ugali: tezi inatoa unga mwingi na ugali kidogo, kazi ya kuusonga inafanyika huko kwenye ini, figo, na ubongoni kwenyewe. T3 ina nguvu mara tatu mpaka nne ya T4 kwa uzito uleule, inaanza kazi haraka na baada ya kama siku moja nusu yake imeshatoka mwilini. T4 inachukua kama wiki nzima kupungua nusu. Kwa hiyo 25 ya hii na 25 ya ile hazilingani hata kidogo. Na mganga wa akili akichagua T3 kwa jina, ana sababu yake.

Shati la Bluu, usimpe. Mpigie dokta, mwambie umekosa dawa, umeuziwa nyingine. Hatakung'ata.

#5 Muuza Vidonge
Nimekubali kwenye kipimo, dada. Kubadilisha dawa bila kumpigia aliyeandika ni kosa, hilo sina ubishi. Nilitaka tu huyo kijana asionekane tapeli. Mteja kasimama mbele yako jua la saa saba, kazunguka maduka manne, unatamani umsaidie.

#6 Mtumishi 77
Poleni sana na mgonjwa. Mimi nashauri maombi kwanza. Mtu kukaa na ndala moja kutwa nzima hilo si jambo la homoni. Kuna kitu kimemfunga.

#7 Mama Pacha wa Tegeta
Mtumishi, hata mimi niliambiwa nimefungwa. Ngoja nisimulie.

Nilijifungua mapacha, mwezi wa tatu moyo ukawa unadunda kama nimekimbizwa na mbwa, nikakonda, watu wakanisifia. Mwezi wa tano mambo yakageuka. Nikawa mzito, baridi, na ninaposema baridi namaanisha Tegeta, joto la Februari, nimevaa sweta. Nywele zinabaki kwenye kitana. Watoto wanalia, nami nawatazama tu kama wa jirani. Mama mkwe akasema nimechezewa. Mama yangu mzazi akasema nina mawazo ya mume. Kliniki wakaniambia ni sonona ya uzazi, nikapewa dawa.

Aliyenishtukia ni nesi wa chanjo ya watoto, kaniona tu uso ulivyovimba. Kapendekeza TSH. Ikaja 46, wakati kawaida ni kuanzia 0.4 mpaka kama 4. Tezi ilikuwa imeshambuliwa na kinga yangu mwenyewe baada ya uzazi: kwanza inavuja homoni, ndiyo yale madundo, halafu inabaki tupu. Nikaanzishiwa levothairoksini. Mwaka uliofuata tezi ikarudi, nikaachishwa.

Kwa hiyo Abunuwasi, hiyo chai mimi nimeinywa.

#8 Abunuwasi wa Buza
Nafuta kauli nusu. Nusu naibakiza, maana wewe tezi yako ilikuwa mbovu. Dada wa mleta mada ni nzima. Swali lake bado liko palepale kama ile ndala.

#9 Mama Pacha wa Tegeta
Umenikumbusha chai nyingine, hii ya kweli. Miezi miwili ya mwanzo dawa haikufanya kitu. Dokta anaongeza, TSH haishuki. Kumbe mimi nameza kidonge na chai ya maziwa na chapati, na vidonge vya damu juu yake. Chai, maziwa, madini ya chuma, vyote vinaizuia dawa isinyonywe tumboni. Nikaambiwa maji matupu, tumbo tupu, usubiri nusu saa mpaka saa nzima. Wiki sita baadaye nikawa mtu.

#10 Kipimo Kwanza
Swali la mleta mada lina historia ndefu kuliko tunavyodhani, tusimwonee dokta wake.

Mwaka 1969 daktari Arthur Prange wa North Carolina na wenzake waliwapa wagonjwa wa sonona imipramini, ambayo ni ndugu wa amitriptilini, pamoja na T3 kidogo, maikrogramu 25. Tezi zao zilikuwa nzima. Waliopata T3 wakaitikia haraka zaidi, wengi wao wanawake. Mwaka 2001 tafiti sita za namna hiyo zilipojumlishwa, picha ikawa hiyohiyo: dawa za zamani zinawahi kushika ukiongeza T3, na kwa wanawake zaidi.

Halafu ukaja mradi mkubwa wa Marekani unaoitwa STAR*D, sehemu hii ilitoka mwaka 2006. Walichukua watu 142 ambao dawa mbili zilishashindwa, yaani kama dada yako kabisa. Wengine wakaongezewa lithiamu, dawa ya kutuliza hali inayopanda na kushuka, wengine T3. Waliopona kabisa kwa lithiamu ni asilimia 15.9, kwa T3 ni asilimia 24.7, na wa T3 hawakusumbuliwa sana na madhara.

Sasa kabla hamjakimbilia Kariakoo. Tofauti ya hizo namba kitakwimu haikusimama, inaweza kuwa bahati. Halafu hakukuwa na kundi la kidonge cha bandia. Robo walipona, lakini hujui wangapi wangepona hata ukiwapa sukari. Hapo ndipo ninapogoma.

#11 Shati la Bluu
Shukrani sana wote. Sista Wodi nimefanya ulivyosema. Dokta kanielekeza duka lenye hiyo T3 na kasema ile nyingine niirudishe. Kule Kariakoo wamekataa kuipokea, "dawa ikitoka hairudi". Basi iko kabatini.

Kabla ya kuanza kampima umeme wa moyo, kauliza kama kuna mtu wa ukoo aliyekufa ghafla. Ameanza jana.

#12 Mwezi Mchanga
Kipimo Kwanza umeitaja lithiamu, na mimi ndiyo kidonge changu, mwaka wa nane. Wengine mnajua hali yangu humu, juu sana au chini sana.

Mwaka juzi nikazama chini polepole. Kilo tisa zikaongezeka, choo kigumu, naongea kama santuri iliyoishiwa moto. Kila mtu pamoja na mimi tukasema imerudi. Nikaongezewa dawa. Kumbe lithiamu yenyewe inaizuia tezi kutoa homoni zake, na sikuwa nimepimwa muda mrefu. Inatakiwa upimwe kila miezi sita hivi. TSH yangu ilikuwa 18.

Hivi ni sonona iliyorudi au ni tezi? Dokta kasema vyote vinafanana, ukitibu tezi kisha hali ikabaki ndipo utajua. Nikatibiwa tezi. Nusu ya ule uzito wa kichwa ukaondoka, nusu ukabaki. Mpaka leo sijui kila nusu ilikuwa ya nani.

#13 Mzee Santuri
Mwezi Mchanga, santuri haiishiwi moto, ni gramafoni. Tuendelee.

#14 Mkinga Asilia
Mmesahau chanzo: CHUMVI. Kwetu Makete zamani rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, lilikuwa sehemu ya sura. Bibi yangu alikuwa nalo ukubwa wa chungwa, anavaa shanga juu yake. Udongo wa milimani hauna iodini, mvua imeiosha yote. Miaka ya 90 serikali ikalazimisha chumvi iwekwe madini joto, yaani iodini, hali ikabadilika. Ila hapa Dar mnanunua chumvi ya mawe ya kupimiwa kwa kikombe, haina kitu. Nendeni mkapime, nusu ya hizi sonona za mjini ni iodini.

#15 Bwana Mihogo
Chumvi ya mawe inatoka baharini mkuu, na bahari imejaa iodini. Mimi nakaa Kunduchi naziona hizo chumvi zinaanikwa.

#16 Sista Wodi
Hapana Bwana Mihogo. Bahari ina iodini, lakini chumvi ikishaanikwa inabaki nayo kidogo mno. Ndiyo maana inaongezwa kiwandani. Na ukiinunua yenye madini joto ukaiacha wazi karibu na jiko, unyevu na joto vinaipunguza.

Mkinga, nusu ya sonona za mjini umezitoa wapi? Na rovu kubwa si lazima liwe na upungufu wa homoni. Tezi inatanuka ili ivute iodini kidogo iliyopo, na wengi wenye rovu homoni zao zinatosha. Bibi yako mwenye shanga alikuwa na huzuni?

#17 Mkinga Asilia
Bibi? Bibi alikuwa mkali na mcheshi, kamzika mume na wadogo zake wote. Nimeelewa hoja yako, ila chumvi siiachii.

#18 Kipimo Kwanza
Bwana Mihogo, na jina lako nawe uko kwenye kesi. Muhogo usioandaliwa vizuri una sumu ambayo mwilini inageuka kitu kinachoizuia tezi kushika iodini. Muhogo mwingi, iodini kidogo, hapo rovu linakuja.

#19 Bwana Mihogo
Sasa mnaniharibia biashara. Mihogo ya Coco imemkosea nani jamani? Inamenywa, inakaangwa, inapata pilipili na ndimu. Mtu anakuja na mchumba wake wakitazama bahari. Sonona itatoka wapi hapo?

#20 Abunuwasi wa Buza
Sonona inakuja ukiitisha bili.

#21 Mzee Santuri
Mnadhani huu ni uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1888 chama cha madaktari wa London kilitoa ripoti ya wagonjwa ambao tezi zao zimekufa, na wengi wao akili zilikuwa zimeguswa. Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Newcastle, akachukua tezi za kondoo, akazikamua, akamdunga mama mmoja aliyekuwa amevimba na kupooza akili. Akaamka. Akaishi mpaka mwaka 1919, miaka 28 zaidi, na waliohesabu wakasema katumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

Mwaka 1949 Richard Asher akaandika juu ya wagonjwa wake 14 waliochukuliwa kuwa wendawazimu, kumbe ni tezi. Wengi wakapona kwa homoni. Huyo Asher ndiye baba wa Jane Asher, yule mwigizaji aliyekuwa mchumba wa Paul McCartney wa Beatles. McCartney alikuwa anaishi nyumbani kwao.

#22 Abunuwasi wa Buza
Mzee nilikuwa nakufuata vizuri mpaka ulipofika kwenye mchumba. Kesho naenda machinjio ya Vingunguti naagiza shingo ya kondoo.

#23 Sista Wodi
Usithubutu. Tezi ya mnyama haina kipimo, leo unakula homoni nyingi kesho kidogo, moyo wako ndio utakaolipa. Na nyie mnaonunua hivi vidonge mpungue tumbo, nawajua mko humu mnasoma kimyakimya. Vinakondesha misuli kwanza na kuuchosha moyo. Homoni ikizidi, mapigo yanapoteza mpangilio, na mama aliyekoma hedhi mifupa inakuwa kama biskuti.

#24 Muuza Vidonge
Nathibitisha. Kila mwezi wa 11 wanakuja, harusi za mwezi wa 12. Siwauzii bila cheti, wananinunia, wanavuka barabara kwa jirani.

#25 Jicho la Mwewe
Naomba mtu mmoja anijibu swali la #1 moja kwa moja. TEZI NZIMA. DAWA YA TEZI. KWA NINI? Kurasa mbili sasa, tumekula mihogo na kondoo.

#26 Mama Pacha wa Tegeta
Dokta wangu aliwahi kunieleza hivi. Kile kiwango cha 0.4 mpaka 4 ni cha watu wote, kipana. Kila mtu ana kituo chake kidogo ndani yake. Ukiwa umezoea 0.9 halafu ukawa 2.1, karatasi inasema safi lakini wewe mwenyewe umepungukiwa. Labda dada ni hivyo.

#27 Sista Wodi
Mimi nilifundishwa tofauti. Damu inaweza kuwa safi na ubongo ukawa na njaa. Ubongo unategemea zaidi T4 iingie halafu igeuzwe T3 humohumo ndani, na kuna kimeng'enya maalumu cha kazi hiyo. Wanaodhani hivi wanasema kwenye sonona huo usongaji unazorota. Unga upo, ugali hakuna. Ukimpa T3 unampelekea ugali uliokwisha iva. Kipimo cha damu cha mkono hakioni kinachoendelea jikoni kwa ubongo.

#28 Mwezi Mchanga
Mimi dokta kaniambia la tatu. T3 inazifanya seli za ubongo ziisikie zaidi serotonini na noradrenalini, zile ambazo dawa za sonona zinaziongeza. Kama redio: dawa inaongeza sauti, T3 inasafisha masikio. Ndiyo maana inapewa juu ya dawa, haipewi peke yake.

Na kwa sisi wa juu na chini kuna madaktari, kina Bauer na Whybrow, waliojaribu T4 kwa kiwango kikubwa mno, maikrogramu 300 mpaka 400, kwa wale walioshindikana kabisa. Hiyo mimi nimeikataa, moyo wangu mmoja tu.

#29 Kipimo Kwanza
Yote matatu matamu. Nayaharibu kidogo.

Wagonjwa wengi wa sonona wakipimwa, T4 yao haiko chini. Mara nyingi iko juu kidogo ndani ya kiwango, na wakipona INASHUKA. Sasa kama tatizo ni kupungukiwa, kwa nini anayepona anapungua? Mama Pacha, kituo chako hakielezi hilo. Sista anaweza kusema ubongo ulikuwa unaomba unga zaidi, sawa, lakini mwingine atasema kinyume, kwamba ile T4 nyingi ndiyo mzigo, na T3 ukiimeza inaituliza tezi itoe T4 kidogo. Maelezo mawili yanayopingana, ushahidi mmoja.

Na masikio ya redio: T3 ilipoongezwa kwa dawa za kisasa tangu siku ya kwanza, Uholanzi mwaka 2004 na paroksetini hawakuona faida yoyote. Israeli mwaka 2007 na sertralini wakaiona. Masikio yaleyale.

Nadhani yangu? Ni kichangamshi kidogo, kama kahawa kali. Mtu akichangamka kidogo anatoka kitandani, akitoka anaonana na watu, na hilo ndilo linalotibu.

#30 Mwezi Mchanga
Mkuu, mtu aliyewahi kuzama hawezi kusema kahawa. Nimekunywa kahawa za Kariakoo nzima nikiwa kule chini. Nilikuwa tu nimelala na macho wazi.

#31 Kipimo Kwanza
Hapo umenipiga. Naondoa kahawa.

#32 Mtumishi 77
Nami naendelea kumwombea kwa jina lake Mungu anamjua. Sijasema asimeze dawa, msininukuu vibaya.

#33 Dada wa Kikoba
Hamjauliza kilichomtokea. Mtu haanzi kukaa na ndala moja bila sababu. Mleta mada, alifiwa? Aliachwa? Alidhulumiwa? Mnapima shingo, maisha yake hamjayapima.

#34 Shati la Bluu
Dada wa Kikoba, umegusa penyewe. Mwaka juzi kuna kikundi cha kuweka na kukopa, mweka hazina kaondoka na fedha. Dada ndiye aliyewaingiza wenzake saba. Wamemsema mpaka sokoni. Mwanaye kahamishiwa kwa baba yake Morogoro. Dokta anajua, kaandika kwenye faili. Kasema chanzo kikiwa fedha, ubongo ukishashuka unahitaji kushikwa mkono hata fedha zikirudi. Hazijarudi.

Taarifa ya wiki tatu: mkono unatetemeka. Jana kashika kikombe, kisahani kinagonga, tulikuwa tunaangalia taarifa ya habari wote tukageuka. Jasho. Usingizi uliokuwepo umepungua. Lakini pia kagombana na mimi. Kanifokea kwa nini nimenunua gesi ya bei kubwa. Wakuu, miezi kumi na nane hajanifokea.

#35 Sista Wodi
Hesabu mapigo yake akiwa amekaa, dakika nzima, si sekunde kumi na tano mara nne. Niambie.

#36 Shati la Bluu
112.

#37 Sista Wodi
Mpigie dokta leo, si kesho. Akipata maumivu ya kifua au pumzi fupi usisubiri simu, mpeleke dharura. Fluoksetini msiikatishe wenyewe.

#38 Shati la Bluu
Amepunguziwa, kidonge kinakatwa nusu. Nakikata kwa wembe juu ya kisahani, kidogo kama mbegu ya papai, nusu moja inaruka chini ya kochi tunaitafuta kwa tochi ya simu. Mama ndiye anayempa zote mbili sasa, anamsimamia mpaka ameze. Hapo ndipo tumegundua fluoksetini alikuwa anaziruka. Kwenye mkoba kulikuwa na vidonge kumi na tisa.

#39 Kipimo Kwanza
Kumi na tisa! Basi uzi mzima umepinduka. Inawezekana hakuwahi kupata dozi kamili ya fluoksetini, na anachoanza kukiitikia sasa ni fluoksetini, si T3.

#40 Mwezi Mchanga
Au T3 ndiyo iliyompa nguvu ya kufoka kabla mama hajaanza kuhesabu. Ufokaji ulikuwa #34, mama kaanza kusimamia #38. Soma tarehe.

#41 Dada wa Kikoba
Au ni kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu anakaa naye kila asubuhi.

#42 Muuza Vidonge
Au gesi kweli ilikuwa bei kubwa. Umenunua shilingi ngapi?

#43 Shati la Bluu
Hahaha Muuza Vidonge niache.

Wiki ya sita. Mapigo 84. Kutetemeka kumekwisha. Juzi saa tano usiku nasikia maji jikoni, nikajua bomba limeachwa. Kwenda naona kainama, ananawa mchele, anaumwaga kwenye sufuria kubwa ile ya vitumbua, anafunika na sahani. Hakuniona. Nikarudi kulala.

Asubuhi hakuamka. Mama akasaga ule mchele usiharibike. Leo ndiyo kaamka, saa kumi na moja na nusu, kachelewa. Sinia la kwanza limeungua, tumekula sisi. La pili kalipeleka mpaka getini, akarudi. Hajafika kituoni.

#44 Kipimo Kwanza
Nafurahi kwa dhati. Lakini kuloweka mchele si kipimo.

#45 Mama Pacha wa Tegeta
Kwa mama wa vitumbua ni kipimo kuliko hiyo TSH yako.

#46 Abunuwasi wa Buza
Mimi ninauliza tu vinauzwaje. Vya getini, hata vya kuungua.

#47 Mkinga Asilia
Na chumvi kidogo asisahau. Yenye madini joto.

#48 Kijana wa Bunju
Habari wakuu, nimeingia sasa hivi sijasoma kurasa zote. Kwani dada ana rovu?

#49 Shati la Bluu
Hana mkuu. Anza ukurasa wa kwanza.